Kumtafuta Mzee Bamvua

Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu treni ianze kushuka kutoka Nachingwea mpaka Mtwara, na kwa muda wote huo Mikidadi alikuwa ndiye bingwa wa habari za bahari kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa. Kila wiki alishuka na treni, akalala Mtwara siku moja au mbili, akarudi na grisi mikononi na maneno mapya mdomoni. Watu walimzunguka kwenye kibaraza cha muuza kahawa, naye akawapa. Bahari inavuma kama kijiji kizima kinachotwanga. Maji yake yana uvuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Wako samaki wenye masharubu. Mtu akiogelea nusu saa anatoka mwepesi, anarudi nyumbani kama anasukumwa na upepo. Aliyebisha alionyeshwa makombe: moja jeupe lenye madoa, jingine limejisokota kama pembe ya kondoo. Mikidadi aliyatoa mfukoni taratibu, na ubishi ukaishia hapo.

Mkewe, Biasha, alizisikia habari hizo kuliko mtu mwingine yeyote, maana zilikuwa zikiendelea nyumbani wakati wa kula. Yeye alizaliwa Nkowe, upande wa Ruangwa, katika mashamba ya mtama na mihogo. Maji aliyoyajua ni ya kisima, na ya mto Lukuledi, ambako aliwahi kukaa kwa mjomba wake miaka miwili alipokuwa msichana. Huko alijifunza kulala chali juu ya maji kwenye mabwawa ya mto, masikio ndani, macho mawinguni, mpaka mke wa mjomba aje kumfukuza na fimbo. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila mumewe alipoitaja bahari, yeye aliwaza mabwawa yale yameunganishwa elfu moja.

Baada ya mavuno, mwezi wa Agosti, Mikidadi akapewa likizo ya siku kumi na pasi ya kusafiri bure, yeye na mkewe.

"Twende tukaione bahari," alisema Biasha.

Mikidadi akakohoa. "Bahari ipi?"

"Hiyo yako unayoisema kila siku."

"Mama Zena, pale hakuna kitu. Maji tu. Mimi nilifikiri twende Mandawa, kaka yangu anafyeka shamba jipya..."

"Mandawa ipo, haiendi popote. Twende tukayaone hayo maji tu."

Mikidadi akatafuta sababu siku nzima, hakupata. Binti yao Zena, wa miaka sita, akapelekwa Nkowe kwa bibi yake. Biasha akaanza kufunga mizigo. Kwa kuwa mumewe alikuwa amesema kule hakuna kitu ila maji, yeye alibeba kila kitu ambacho si maji. Alibeba unga wa muhogo debe zima, mbaazi, karanga, sufuria, kinu kidogo na mchi wake, majogoo wawili na mzigo wa kuni. Mikidadi alipouona ule mzigo wa kuni alitaka kusema neno, akakumbuka ni yeye aliyesema hakuna kitu, akanyamaza akaubeba.

Kwenye stesheni ya Mtwara, mchukuzi mmoja aliyekuwa na mkokoteni aliitazama ile mizigo akauliza, "Mnahamia?"

"Tumekuja kutembea," alisema Biasha.

"Na kuni?"

Biasha akamtazama mumewe. Mumewe akawa anatazama paa la stesheni.

Walifikia kwa Bi Swaumu, shangazi wa mwenzake Mikidadi kazini, mjane aliyekaa kijiji kidogo cha pwani, mwendo wa saa moja nje ya mji. Njia ilipita katikati ya minazi, ikakata kona, na bahari ikawa mbele yao bila kupiga hodi. Biasha akasimama. Kitu cha kwanza alichokitafuta ni ng'ambo. Kila maji aliyowahi kuyaona yalikuwa na ng'ambo yake, na watu wa ng'ambo, na jina la mahali pale. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Hakukuwa na ng'ambo. Machozi yakamtoka, naye hakujua ni ya nini.

"Baba Zena," alisema. "Hukuniambia kwamba haina mwisho."

Alipogeuka alimkuta Mikidadi ameipa bahari mgongo, ameinama, anafunga upya kamba ya mzigo wa kuni. Kamba yenyewe haikuwa imelegea.

Bi Swaumu aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyeweza kumaliza sentensi bila kumgusa mtu bega. Aliona kuni, akaona unga, akaona kinu, akasema tu, "Karibuni wanangu, mmekuja na baraka zenu," ingawa nyuma ya nyumba yake makuti na vifuu vya kupikia vilikuwa vimelundikana kufika dirishani.

Siku ya kwanza Biasha akataka kupika, asionekane mgeni wa kukaa tu. Alikuwa anaulizia kisima, Mikidadi akamwita pembeni. "Kisima cha nini? Chota bahari hiyo. Wenyeji hawanunui chumvi, wanapikia maji yao." Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea, na Biasha akaenda na ndoo. Ugali ukaiva vizuri kwa macho. Mikidadi akamega tonge la kwanza, akatafuna, akaacha kutafuna. Akameza hivyo hivyo kwa heshima, macho yakamlenga machozi. Biasha alipoonja lake alikimbilia nje. Bi Swaumu, aliyetoka kumwona ana nini, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na kuomba asaidiwe kuinuka.

"Nani kawafundisha haya?"

"Niliwahi kula kwa watu fulani," alisema Mikidadi. "Labda wao walichanganya."

Siku ya pili Biasha alifua kanga zake baharini. Sabuni ilikataa kutoa povu, akaongeza sabuni, ikakataa tena, akamaliza mche mzima, na kanga zilipokauka zilisimama zenyewe kama mabati. Siku hiyo hiyo Mikidadi alivua shati, akajilaza kwenye mchanga, akasinzia toka asubuhi hadi adhuhuri. Alipojigeuza kwenda kwenye kivuli cha mnazi, Bi Swaumu akamwita kwa ukali aondoke haraka, na kabla hajauliza kwa nini, nazi ikadondoka puu! pale pale alipotaka kuweka kichwa. Jioni mabega yake yalikuwa yanawaka. Biasha akampaka mafuta ya nazi polepole, akimhurumia, lakini swali lilikuwa limeanza kumtambaa moyoni. Mtu anayekuja hapa kila wiki, iweje hajui kwamba nazi huanguka?

Siku ya tatu, baada ya chakula cha jioni, Bi Swaumu aliutazama mwezi uliokuwa karibu kujaa, akasema, "Kesho bamvua. Mkienda pwani msifike mbali. Na mkifika mbali, msikae."

"Bamvua, eh," alisema Mikidadi akitikisa kichwa. "Bamvua tunamjua."

Walipoingia chumbani, Biasha akauliza, "Bamvua ni nani?"

Mikidadi alikuwa anavua kanzu yake, akachelewa kidogo ndani yake kabla kichwa hakijatokea. "Bamvua? Ni mzee mmoja wa hapa. Mkali sana. Sehemu ya mbele kule ni yake, hapendi watu wakae kae."

"Wewe unamfahamu?"

"Tumewahi kusalimiana."

Biasha akalifikiria jambo hilo. Kwao Nkowe mtu hapiti kwenye eneo la mzee mkali kimya kimya kama mwizi. Anakwenda kwanza kumsalimu, na hamsalimu mikono mitupu. "Basi kesho tumpelekee jogoo mmoja," alisema.

"Haina haja, Mama Zena."

"Haja ipo. Sisi ni wageni. Asije akasema watu wa Nachingwea hawana adabu."

Asubuhi yake waliondoka saa tatu. Biasha alivaa viatu vyake vya sikukuu, akabeba kikapu cha muhogo wa kuchemsha na chupa ya maji, na Mikidadi akabeba jogoo aliyefungwa miguu. Walipofika ufukweni hawakuamini macho yao. Bahari ilikuwa imeondoka. Pale ilipokuwa jana palikuwa na uwanja wa mchanga na matope na majani mabichi ya baharini, unakwenda, unakwenda, mpaka mstari mwembamba wa bluu mbali kabisa. Wanawake wa kijiji walikuwa wametapakaa humo na vikapu, wameinama, wanachokoa chaza na kome.

"Kumbe huwa inaondoka!" alisema Biasha.

"Huwa inaondoka," alisema Mikidadi, ambaye uso wake ulionyesha nafuu kubwa.

Walitembea. Biasha alivua viatu, akaviweka kikapuni, akawa kama msichana. Kila hatua alikuta kitu: kaa mwenye mkono mmoja mkubwa, kidimbwi chenye samaki wa rangi ya manjano, mnyama laini kama tango aliyetema maji alipoguswa. Alikuwa anamwita mumewe aje aone, na mumewe alikuja, jogoo kwapani, akatazama kwa mshangao uleule wa mkewe. Safari hii hakutoa maelezo yoyote.

Wakawafikia wanawake wawili waliokuwa wakichokoa mchanga. Biasha akawasalimu, kisha akauliza kwa adabu, "Jamani, tunamtafuta Bamvua."

Wanawake wakatazamana. "Bamvua haitafutwi, dada," alisema mmoja. "Inakuja yenyewe."

"Tumeambiwa ni mkali."

"Ya leo ni kali kweli. Msikawie."

Walipowaacha nyuma, Biasha akasema, "Mbona wanamsema kama kitu? Inakuja, inakuja."

"Ndiyo Kiswahili cha pwani," alisema Mikidadi. "Wana maneno yao."

Mbele kulikuwa na fungu la mchanga mweupe, limeinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe, na kulifikia walivuka bonde dogo lenye maji ya kufika kifundo cha mguu. Biasha akaamua hapo ndipo pa kumsubiri mzee, maana palikuwa mahali pazuri, na mwenye eneo lazima apapende. Wakakaa. Wakala muhogo. Upepo ulikuwa mzuri, jogoo akatulia, na Mikidadi akawa anazungumza habari za zamani, jinsi alivyomwona Biasha mara ya kwanza kwenye ngoma kule Nkowe amebeba mtoto wa dada yake, akadhani ni wake, akakaa miezi miwili na huzuni. Biasha aliijua hadithi hiyo, lakini alipenda kuisikia. Alimkatiza mahali palepale anapomkatiza siku zote, kwamba huzuni yenyewe haikumzuia kula pilau sahani mbili.

Jua likafika utosini. Kwa mbali, ufukweni, wanawake walikuwa wanapunga mikono na kupaza sauti. Biasha akafurahi, akasimama, naye akawapungia kanga. Wakazidi kupunga. Naye akazidi.

"Watu wa hapa wakarimu," alisema.

Hapo ndipo alipoona kwamba baina yake na wale wanawake hapakuwa na mchanga tena. Lile bonde dogo walilolivuka asubuhi lilikuwa limekuwa mto mpana, maji yake yanakimbia bila kelele, na mto huo ulikuwa nyuma yao, wala haukutokea mbele walikokuwa wakitazama. Alipogeuka kulia maji yalikuwa yanapanda fungu, na kushoto vilevile. Kikapu kilikuwa kinaelea. Kabla hajakifikia kilizunguka mara moja kikaenda zake, na viatu vya sikukuu ndani yake.

"Baba Zena, inuka. Wewe ndiye mwenyeji. Tunapita wapi?"

Mikidadi aliinuka, akayaona maji, akakaa tena. Alimbana jogoo mpaka manyoya mawili yakadondoka.

"Mama Zena, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kitu. Sijawahi kuingia humu. Hata mguu. Nikifika Mtwara nakaa kambini kwetu mpaka treni irudi. Yale makombe nanunua kwa watoto wa stesheni."

Biasha alimtazama kwa muda ambao hawakuwa nao. "Na Bamvua?"

"Simjui."

Maji yakawafika vifundoni. Biasha alihisi hasira inampanda, kisha akamwona mumewe alivyo, mtu mzima, shingo imebabuka kwa jua, amemkumbatia jogoo wa zawadi kifuani kama mtoto mchanga, na hasira ikakosa pa kukaa. Ilibidi iahirishwe.

"Nisikilize," alisema. Alijifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Utanishika bega, siyo shingo. Ukinishika shingo tutakufa wote. Ukisikia chini hakuna, usikanyage kanyage. Lala nyuma kama uko kitandani, mimi nitakuvuta."

"Huyu jogoo?"

"Mwache."

"Simwachi," alisema Mikidadi, na hakuweza kueleza kwa nini. Akamweka kichwani, akamshika miguu kwa mkono mmoja.

Wakaingia. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, yakawa yanawasukuma ubavuni kama watu kwenye mnada. Katikati ya mkondo mchanga ulikwisha chini ya miguu ya Biasha. Kwa nukta moja alipapasa kwa vidole, hakupata chini. Halafu mwili wake ukakumbuka wenyewe. Akajitupa chali kama alivyokuwa akifanya Lukuledi, na maji yakambeba, tena yalimbeba kuliko mto ulivyowahi kumbeba, kana kwamba chini yake palikuwa na mikono. Alikuwa akipiga miguu na kumvuta mumewe kwa kanzu, na ndani ya woga wote ule, furaha ndogo ikampitia, akaona aibu kuifurahia. Mikidadi alikuwa kimya kabisa nyuma yake. Aliyepiga kelele ni jogoo.

Wale wanawake wawili walikuwa wameshaingia maji ya kifuani kuwapokea. Mmoja akamkamata Biasha mkono, mwingine akamshika Mikidadi ukosi wa kanzu, wakawavuta mpaka miguu ikapata chini. Na hapo, wakati wote wanamshukuru Mungu, Mikidadi akakanyaga dude jeusi la mviringo lenye miiba kama nungunungu. Alipiga ukelele uliosikika kijijini.

Bi Swaumu alikuja mbio na papai bichi. Alilikata, akadondoshea utomvu wake kwenye unyayo wa Mikidadi ili miiba ilainike, na alipokwisha kuhakikisha kwamba hakuna aliyekufa, ndipo alipouliza kisa. Biasha akamweleza yote, mpaka na jogoo wa kumpelekea Mzee Bamvua.

Bi Swaumu alijizuia. Uso wake ulijaa, mashavu yakatuna, akamgusa Biasha bega mara tatu. "Bamvua si mtu, wanangu," alisema mwishoni, kwa upole. "Ni maji. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanakupwa sana, halafu yanajaa sana. Hayo ndiyo bamvua." Kisha hakuweza tena. Alicheka, wale wanawake wakacheka, Biasha akacheka hata akashika mbavu, na Mikidadi, mguu juu ya kigoda, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Jogoo alichinjwa alasiri hiyo akapikwa kwa nazi, na wote waliokuwepo walimla kwa niaba ya mzee.

Lakini kabla ya chakula, walipobaki wawili kibarazani, Biasha akachukua sindano akaanza kumtoa mumewe miiba iliyobaki. Hasira aliyoiahirisha ilikuwa imerudi, japo imepungua.

"Ulianzaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Mikidadi alifikiri. "Safari ya kwanza niliiona kutoka kwenye behewa. Nikakaa kambini siku mbili, nimegeukia ukuta. Niliporudi Nachingwea, mtu wa kwanza pale stesheni akaniuliza, bahari ikoje? Watu wengi wamesimama. Ningesema niliogopa? Nikasema tamu. Kesho yake wakauliza tamu vipi."

"Hao ni watu. Mimi je?"

"Wewe ndiyo zaidi."

"Zaidi kwa nini?"

"Ulikuwa unanitazama," alisema Mikidadi. "Nikianza kusimulia, unaacha unachofanya, unanitazama. Nikarudi kila wiki nikitafuta kitu kingine cha kukusimulia."

Mwiba mmoja ulikuwa umeingia ndani sana, ikabidi ausogelee karibu. Alikuwa anafikiri kwamba kweli aliacha kila alichokuwa akifanya, na kwamba alikuwa akiitazama bahari usoni kwa mtu asiyewahi kuigusa, na bado kitu fulani katika yale maneno kilikuwa kweli, maana maji yalikuwa na uvuguvugu, na leo hii yeye alitoka humo mwepesi. Alichomoa mwiba. Mikidadi akapiga kelele.

"Kelele za nini," alisema Biasha. "Mtu mzima."

Akaupuliza unyayo.

Siku zilizobaki walikaa kama wageni wanaojijua kuwa wageni. Waliuliza. Waliuliza maji yanajaa saa ngapi, waliuliza samaki gani analiwa na yupi anawasha, waliuliza hata mahali pa kutandika mkeka. Biasha alikwenda na wanawake kila asubuhi, akajifunza kuchokoa chaza, na walipomaliza kazi alijilaza chali kwenye maji matulivu, na wao wakawa wanawaita watoto wao waje kumwona mwanamke wa bara anayelala juu ya bahari. Mikidadi aliwekewa na Bi Swaumu kigingi mahali maji yasipofika kiunoni. Siku ya kwanza alikaa amekikumbatia. Siku ya nne alikuwa amekishika kwa kidole kimoja, na alipomwona Biasha anamtazama alikiachia, akahesabu mpaka kumi na tano, akakishika tena.

Waliporudi, debe la unga, kinu na kuni vilibaki kwa Bi Swaumu, nao wakabeba samaki wakavu. Pale stesheni ya Nachingwea watu wakamwuliza Mikidadi bahari ilikuwaje safari hii. "Nzuri," alisema, akapita. Wakashangaa, wakadhani anaumwa.

Kesho yake walikwenda Nkowe kumchukua Zena, Mikidadi akiendesha baiskeli na Biasha nyuma na furushi la samaki mapajani. Mama yake Biasha, Bibi Sikuzani, alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Mikidadi alimwogopa kwa heshima zote za mkwe. Alikaa mbali, kando ya uchaga wa mahindi, macho chini, na lolote alilotaka kumwambia alilipitisha kwa mkewe.

Biasha akamsimulia mama yake kwa Kimwera. Alimweleza habari za kaa na chaza, na jinsi maji yanavyoondoka na kurudi. Alipofika mahali pa kueleza ukubwa wake alikwama, maneno hayakuwepo. Alionyesha kwa mkono mashamba, akaonyesha mbingu, akauangusha mkono.

"Kuna ng'ambo?" aliuliza mama.

"Hakuna, mama."

Bibi Sikuzani akaendelea kuchambua mbaazi kwa muda. Kisha akasema, "Muulize mwenzako. Yeye amezoea huko. Mtu akisimama pale, anajisikiaje?"

Biasha akageuka. Mumewe alikuwa amesikia, Kimwera kilikuwa lugha yake pia. Mama mkwe ndiye alikuwa mtu mmoja duniani ambaye Mikidadi asingependa apungue mbele yake hata unywele, na Biasha akafungua mdomo amjibie, aseme chochote cha kumsitiri.

"Mwambie mama," alisema Mikidadi, akitazama mchanga baina ya miguu yake, "mimi sijazoea. Mimi niliogopa. Mwanawe ndiye aliyenitoa kwenye maji."

Bibi Sikuzani aliacha mbaazi, akamtazama mkwe wake moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi. Akaona ngozi inavyobabuka shingoni na mguu uliofungwa kitambaa. Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na bakuli la chakula, akampa Biasha.

"Mpelekee mwenzako," alisema. "Mwambie asogee huku kivulini. Pale jua linampiga."